Bustani: Maswali Yenu

*Nilipanda sakulenti (mimea inayohifadhi maji kwenye majani) kumi na mbili mbele ya nyumba, zile za rangi ya kijivu-buluu zenye unga, majani yamejipanga kama waridi. Udongo wa hapa ni mwekundu, nikauchanganya na samadi ya kutosha. Desemba zilipendeza mno. Kufikia Februari majani ya chini yakawa kama yamechemshwa, ukiyagusa yanadondoka. Zimebaki tatu. Je, baridi yetu ndiyo imeziua?* — Msomaji, Makete

Baridi haihusiki hapa, dada. Jalidi ya Makete huja kuanzia Juni, na mimea yako imekufa Februari, katikati ya mvua. Kwa maelezo yako hizo ni echeveria, ambazo kwao hasa ni Mexico, kwenye miteremko ya mawe ambako maji hayakai. Udongo wako mwekundu ni wa mfinyanzi, umeyashika maji kwenye shina, nayo samadi imefanya majani yawe laini na yenye ngozi nyembamba. Jani la namna hiyo huoza haraka.

Jifunze kutofautisha majani. Jani la chini likikauka na kuwa kama karatasi, huo ni uzee tu, ling'oe. Likiwa la njano, linapitisha mwanga na linateleza vidoleni, shina limeshaanza kuoza.

Hizo tatu zing'oe leo. Kata shina kwa kisu kikali ulichokifuta kwa spiriti, kisha utazame mkato. Ukiona duara la kahawia katikati, futa kisu ukate tena juu kidogo, hadi nyama iwe safi, nyeupe au ya kijani hafifu. Bakiza shina la sentimita 2 hivi. Kiweke kichwa, yaani sehemu ya juu yenye majani, kivulini, penye hewa, siku tano hadi saba mpaka kidonda kikauke, halafu kikalishe juu ya mchanganyiko mkavu nitakaoueleza hapa chini. Usimwagilie mpaka uone mizizi. Mara nyingi huchukua wiki mbili au tatu. Wengi hushindwa hapo: wanaona mmea umenyauka kidogo, wanauhurumia, wanaumwagia maji, unaoza upya.

Kabla ya kupanda tena, chimba shimo la sentimita 30 na ulijaze maji. Kama baada ya saa moja bado yamesimama, inua tuta la sentimita 25 na ulizungushie mawe. Mchanganyiko uwe ndoo mbili za mchanga mkubwa wa mto, ndoo mbili za kokoto ndogo za milimita 5 hadi 8, na ndoo moja ya udongo wa juu. Samadi usitie kabisa. Mchanga wa baharini pia haufai, una chumvi. Na wale wanaokushauri utandaze mawe chini ya chungu "ili maji yashuke" wanakosea: maji hukwama kwenye udongo ulio juu ya mawe, karibu zaidi na mizizi. Changanya kokoto na udongo wote.

Panda kitovu kikiwa juu kidogo ya usawa wa udongo, halafu tandaza chini ya majani tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 2. Usipande pale matone ya bati yanapodondokea. Usiku wa jalidi funika kwa gunia lililoinuliwa kwa vijiti, na ulitoe asubuhi. Nailoni ikigusa majani, yataungua pale pale ilipogusa.

*Jirani amenipa sakulenti iitwayo sempervivum kwenye beseni la udongo. Niiingize ndani theluji ikianza? Na moja imerefuka katikati kama mnara, je, inaumwa?* — Msomaji, Hamburg

Iache nje! Sempervivum ni mmea wa milima ya Ulaya, Alps na Balkan, na hustahimili nyuzi 20 chini ya sifuri. Sebuleni penye joto na mwanga hafifu itarefuka, itapauka na kudhoofika. Cha kuogopa Hamburg ni mvua ya majira ya baridi, kwa hiyo isogeze chini ya ukingo wa paa na uhakikishe beseni lina matundu. Kina cha sentimita 10 kinaitosha. Wazungu wa zamani waliipanda hata juu ya mapaa. Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, aliagiza watunza bustani wake wawe nayo kwenye nyumba zao, wakiamini inazuia radi.

Huo mnara ni ua. Fikiria mgomba: ukishazaa unakufa, machipukizi yanaendelea. Kata kikonyo kikikauka, na pengo litajazwa na watoto waliouzunguka. Kichwa kikikuachia mkononi bila mizizi, chimbua udongo utafute funza weupe wenye kichwa cha kahawia, waliojikunja. Hao ndio wala mizizi. Tupa udongo wote, osha beseni, na ukipande kichwa upya. Kitaota.

*Muuzaji wa mtandaoni ananiuzia sempervivum, anasema "haifi". Itakubali Tanga?* — Msomaji, Tanga

Hapana. Inataka usiku wa baridi. Kwa joto na unyevu wa pwani itaoza. Kwanza chunguza kama kweli ni yenyewe: majani ya sempervivum ni membamba kuliko ya echeveria, yana ncha kali na nywele fupi ukingoni, na watoto wake hutoka kwa vikonyo. Wauzaji wengi huuza echeveria kwa jina hilo.

Na wewe Tanga unao mmea wa umbo hilo hilo, mkonge, uliotoka Mexico na kuletwa mwaka 1893, vikapona vichipukizi 62 tu. Bustanini miiba yake ni hatari kwa watoto, kwa hiyo tafuta ndugu yake asiye na miiba, *Agave attenuata*. Mwachie nafasi ya mita moja na nusu. Kwenye chungu kibarazani weka haworthia, sakulenti ndogo, penye kivuli cha mchana, umwagilie tu udongo ukikauka mpaka chini. Ukiona vijipamba vyeupe katikati ya majani, hao ni vidung'ata: wapake spiriti kwa kijiti chenye pamba, urudie kila baada ya siku saba, mara tatu, na ung'oe mmea mmoja uangalie mizizi, maana hujificha huko pia.