Jiwe halijawahi kukalia kiti cha enzi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kitabu cha historia cha mwanangu kinasema "zama za mawe", cha dada yake kinasema "enzi ya mawe". Kipi kimepatia? Na tuseme zama "hii" au zama "hizi"?

JIBU: Marahaba. Andika zama za mawe, na useme zama hizi. Zama ni mtoto wa Kiarabu zaman, yaani wakati, na tumemzoea katika wingi. Enzi ana ukoo mwingine kabisa: asili yake ni nguvu na utukufu, ndiyo maana tuna kiti cha enzi, na Mwenyezi. Enzi za Hammurabi, sawa, kwani mtu huyo alitawala Babeli miaka arobaini na ushei. Jiwe lilimtawala nani? Ila najua enzi siku hizi limebebeshwa kila kipindi, hadi enzi za utoto wetu, ambao hatukutawala chochote. Nimeshachoka kulipigania. Litumieni.

Lakini kwa kuwa umezitaja zama za mawe, niache niteme lililonikaa kooni. Kila mtu akichukia sheria fulani, utamsikia: "Hii ni sheria ya zama za mawe!" Nimelisikia redioni, nimelisoma magazetini, na juzi limemtoka mwanasheria, mtu mzima na tai yake. Ukimwomba mfano, hakosi mmoja: jicho kwa jicho, ya huyo huyo Hammurabi.

Haya, tulichambue kama mchele wenye mawe. Watu wa zama za mawe, yaani walioishi kwa zana za mawe kabla ya kujua kuyeyusha madini, hawakuwa na maandishi. Maandishi yalianza Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, yapata mwaka 3200 KK, na kazi yake ya kwanza haikuwa sheria wala mashairi bali hesabu za nafaka na mifugo. Sheria za Hammurabi ziliandikwa karibu mwaka 1750 KK, na kufikia hapo watu wa nchi ile walikwisha kuyeyusha shaba na bati wakatengeneza shaba nyeusi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kutoka kwake hadi zama za mawe ni mbali kuliko kutoka kwetu hadi kuanguka kwa Roma.

Nashuku nimegundua walipopotelea. Sheria hizo zilichongwa kwenye nguzo ya jiwe jeusi, urefu wake mita mbili na robo, iliyofukuliwa Susa, Iran, mwaka 1901 na sasa imesimama Louvre, Paris. Ndugu zetu wakaona jiwe, wakasema zama za mawe! Basi na jiwe la kaburi lililowekwa jana ni la zama za mawe, na kokoto za barabarani, na kinu cha bibi.

Na kama wangeisoma? Jicho lilitolewa kwa jicho pale tu aliyeumizwa alipokuwa muungwana. Akiwa mtu wa tabaka la chini, mkosaji alilipa fedha. Akiwa mtumwa, ililipwa nusu ya thamani yake. Hakimu aliyekata kesi, akatia muhuri, kisha akaigeuza hukumu yake, alilipa mara kumi na mbili ya kilichodaiwa na kuondolewa kitini moja kwa moja. Sisemi ni sheria tamu. Nyumba ikianguka ikamuua mtoto wa mwenye nyumba, aliuawa mtoto wa mjenzi. Iite katili, iite dhalimu, iite ya kinyama. Kiswahili hakijapungukiwa na maneno makali. Usiiite ya zama za mawe, kwa sababu si ya zama za mawe.

Wenye zama zao hawakuwahi kututungia sheria hata moja tunayoweza kuisoma. Walichotuachia ni kilimo, ufugaji, na huko Göbekli Tepe, Uturuki, nguzo zinazopita mita tano walizozichonga na kuzisimamisha zaidi ya miaka elfu tisa KK, kabla hata ya kujua kufinyanga chungu. Hao ndio tunaowatukania.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni: lipo na tusi la "zama za kati", yaani Ulaya ya takriban karne ya 5 hadi ya 15. Wachawi wakichomwa moto, zama za kati. Mwanasayansi Galileo akihukumiwa kwa kusema dunia hulizunguka jua, zama za kati. Galileo alihukumiwa mwaka 1633! Na msako mkubwa wa wachawi Ulaya ulipamba moto katika karne ya 16 na ya 17, mitambo ya kuchapa vitabu ya Gutenberg ikiwa imeshazeeka kazini na vitabu vya kuwatambua wachawi vikipigwa chapa humo humo. Huo ni mwanzo wa zama mpya, zama tunazojisifia. Zama za kati zilitupa vyuo vikuu vya Bologna, Paris na Oxford, na mwaka 1215 zikamlazimisha mfalme wa Uingereza kukiri kwa maandishi kwamba naye yuko chini ya sheria.

Nirudi kwa wanao. Binti asifute kitu kitabuni mwake. Ila mtihani ukiuliza Hammurabi aliishi zama zipi, waandike wote wawili: zama za shaba nyeusi. Mwalimu akiwakosesha, niletee hiyo karatasi.