Kuchuma matunda wakati wa likizo: uliza kwanza wanahesabuje

Mdogo wangu, umeuliza kama kibarua cha kuchuma matunda na mboga likizo kinaweza kumsaidia mwanafunzi kupata hela ya ada. Kinaweza, mimi nimekifanya misimu kadhaa nikiwa chuo na kilinibeba kweli, ila usiishie kuuliza wanalipa ngapi, uliza wanahesabuje.

Kuna wanaolipa kwa saa au kwa siku, na kuna wanaolipa kwa kreti, ndoo au kilo. Hapo kwenye kilo ndio pa kuwa macho, maana unaweza kujituma kutwa nzima na bado ukapata kidogo, stroberi zikiwa ndogondogo kilo haijai, mstari uliochumwa juzi hauna kitu, mvua ikishika mnakaa tu mnaangaliana. Kwa hiyo uliza mapema, siku tunda likiwa haba kuna kiwango ambacho hamshuki chini yake? Uzito wa kreti tupu unatolewaje? Kreti ikikataliwa kwa sababu matunda yamepondeka, hasara ni ya nani? Halafu kama wanawalaza hukohuko, kitanda na chakula vinakatwa kwenye malipo au la?

Na uwe na kidaftari mfukoni, andika kila kreti kabla haijaondoka mikononi mwako. Kuna shamba hesabu ya karani ilikuwa pungufu ya yangu, nikafungua daftari tukapitia mstari kwa mstari, nikaongezewa. Wenzangu waliokuwa wanakumbuka kwa kichwa hawakuwa na la kusema, na iliniuma sana maana tulitoka jasho sawa.

Spidi inakuja yenyewe mikono ikishazoea, tumia yote miwili na usirudie mche mara mbili. Stroberi kata kikonyo, usiliminye tunda, likiminywa linaoza haraka. Tufaha unalinyanyua huku unalizungusha kidogo, lililo tayari linaachia, ukilivuta kwa nguvu unang'oa na kijitawi ambacho kingezaa tena msimu ujao na hapo msimamizi ana haki ya kukufokea. Parachichi halilainiki likiwa mtini, kwahiyo usisubiri lilainike, fuata ukubwa uliooneshwa.

Vaa mikono mirefu hata kama jua ni kali. Bamia zinawasha, utomvu wa embe unababua ngozi, nyanya zinakuachia weusi wa kijani vidoleni ambao sabuni ya kawaida inahangaika nao. Kubwa zaidi ni dawa, uliza shamba limepigwa dawa lini, kila dawa ina muda wa kusubiri kabla watu hawajaingia na umeandikwa kwenye lebo, na usile chochote bila kunawa. Usione aibu kuuliza hilo hata kama wote wamenyamaza, mwili ni wako na masomo yanakusubiri. Maji beba ya kwako ya kutosha.

Kitu cha mwisho, angalia kalenda ya chuo na ya shamba kwa pamoja. Msimu ukielekea mwisho matunda yanabaki machache na yamejificha juu, malipo ya kilo yanaporomoka, hapo omba uhamie kwenye kuchambua na kupanga kama wanalipa kwa saa, na omba mapema kabla wengine hawajastuka maana nafasi huwa chache.