Jibu: Mwamba mgumu unazungukaje chini ya ardhi?

Ndugu, umeuliza: ikiwa mantili, yaani tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia, ni mwamba mgumu, basi mikondo ya myuko (mzunguko wa kilichopata joto kupanda na kilichopoa kuzama) inatoka wapi, na inasukumaje mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia? Swali zuri sana, maana wengi hudhani chini ya miguu yetu kuna bahari ya uji wa moto. Hapana. Mantili, yenye unene wa karibu kilomita 2,900, ni mwamba mgumu kwa sehemu kubwa, ila joto na mgandamizo huufanya utiririke polepole mno, sentimita chache kwa mwaka. Uliopata joto chini hutanuka, unakuwa mwepesi na kupanda, uliopoa huzama.

Lakini usifikirie bamba limekaa juu tu likibebwa kama mzigo kwenye mkanda wa kusafirishia. Bamba lenyewe ni sehemu ya mzunguko huo, na hapa ndipo vitabu vingi vya shule hupitia harakaharaka. Sakafu ya bahari huzaliwa kwenye matuta ya katikati ya bahari, inasogea mbali, inapoa, inakuwa nzito. Ikifika kwenye mfereji wa kina ulio chini ya bahari huinama na kuzama ndani ya mantili, na uzito wa ncha hiyo inayozama huvuta bamba zima nyuma yake. Wanajiolojia wengi huona mvuto huu ndio nguvu kuu.

Linganisha mwenyewe: bamba la Pasifiki, lililozungukwa na mifereji mingi, husogea haraka kuliko la Afrika, ambalo halina sehemu kubwa inayozama.