Mshale uko kwenye kijani, sevisi ya nini?

*Shikamoo Fundi. Nina duka la vitambaa Kariakoo, ghorofa ya pili, karibu na Mtaa wa Kongo. Nina mitungi miwili ya kuzimia moto, ya unga, kilo 6 kila mmoja. Kila mwaka anakuja kijana, anaipangusa vumbi, anabandika stika mpya, nampa shilingi 30,000, anaondoka. Dakika tano hazifiki. Mwaka huu nimemwambia asije, maana mitungi sijawahi kuitumia na mshale wa geji uko palepale kwenye kijani. Mume wangu anasema nimekosea. Je, ni kweli?*
*Mama Vitambaa, Kariakoo*

Marahaba, mwanangu. Kumkataa yule kijana hukukosea. Ulipokosea ni kukaa bila fundi mwingine. Miaka yote hiyo umekuwa ukinunua stika, sevisi hujaipata bado.

Nimefungua mitungi hii kwa miaka 22 kwenye karakana yangu Buguruni, kwa hiyo nakueleza ninachokijua kwa mikono. Mtungi wako una vitu viwili ndani: unga, na hewa ya naitrojeni iliyoshindiliwa ili iusukume huo unga utoke. Mshale wa geji unapima hewa peke yake. Unga ukishikana chini kama saruji iliyonyeshewa, mshale utabaki kijani vilevile. Siku ya siku utabonyeza, hewa itatoka fyuu, unga utabaki ndani.

Mwaka 2014 niliitwa kwenye kiwanda kidogo cha mikate Mabibo. Mtungi wa kilo 9 ulitundikwa ubavuni mwa jenereta. Stika ilikuwa ya mwezi uliopita, geji kijani safi. Nikaupindua na kutega sikio. Mtungi mzima huusikia unga wake ukiteremka taratibu, kama mchanga ndani ya kiroba. Ule ulikuwa kimya. Nikatoa hewa, nikafungua kichwa, nikaingiza fimbo: ikagota. Mtikisiko wa jenereta ulikuwa umeushindilia unga mpaka ukawa bonge moja, tukauchokonoa kwa nondo. Kisha nikachungulia kwenye mpira. Nyigu walikuwa wamejenga mdomoni, udongo mkavu umeziba tundu lote, hata njiti ya kiberiti isingepita. Mwenye kiwanda alikaa juu ya gunia la ngano, hakusema neno. Vijana wake wanane walikuwa wakifanya kazi mle usiku kucha, mlango mmoja. Hao ndio ninaowakumbuka kila ninapoona stika imebandikwa juu ya stika.

Na hewa yetu ya Dar haina urafiki na chuma. Joto, unyevu, chumvi ya bahari. Kutu huanzia kitakoni, hasa mtungi ukisimamishwa sakafuni panapopigwa deki kila asubuhi. Yako itundike ukutani, tafadhali, karibu na mlango. Usiifiche nyuma ya majora.

Fundi wa kweli atakuja na mizani. Atapima uzito, ataangalia pini na lakiri yake, atavua mpira na kuupuliza, atakagua kutu, atabadilisha raba iliyochoka. Hiyo ni kazi ya kila mwaka. Kiwango cha Marekani, NFPA 10, kinataka mtungi kama wako ufunguliwe na kukaguliwa ndani kila miaka 6, na chuma chenyewe kijaribiwe kwa shinikizo la maji kila miaka 12. Mimi, kwa hali ya hewa hii, sisubiri miaka sita. Mwambie aufungue mbele yako, uuone unga kwa macho. Akitaka kuondoka nao, akuachie mwingine mzima ukutani. Akikwepa yote mawili, mwambie kwaheri.

Kuna jambo hukuliuliza. Tazama maandishi kwenye mitungi yako: lazima kuwe na herufi A. Hiyo ndiyo ya nguo, karatasi na mbao. Kuna unga unaoandikwa BC, mzuri kwa mafuta na umeme, lakini kwenye kitenge kinachofuka hautafaa kitu. Nimewakuta wauza nguo wengi nao, na wameulipia.

Uko Kariakoo, sihitaji kukueleza habari za Julai 10, 2021, usiku soko lilipowaka. Gari la zimamoto hata likitokea hapo kituoni Faya tu, mchana wa kuelekea sikukuu litapenya wapi, mikokoteni na meza za machinga zimejaa? Piga 114 mara moja, lakini dakika zile za mwanzo ni zako wewe na mtungi wako, na mtungi wa kilo 6 unamwaga unga wote kabla ya nusu dakika. Kwa hilo la kukaa bila sevisi, mume wako yuko sahihi, mwanangu. Tafuta fundi wiki hii.

*Fundi, nina stesheneri Ubungo, mashine mbili za fotokopi. Nimenunua mtungi wa kaboni, hauna geji kabisa. Nimeuziwa feki?*
*Kijana wa Fotokopi*

Kwa hilo la geji usiwe na wasiwasi. Gesi ile, kaboni dayoksaidi, imekandamizwa mpaka ikawa kimiminika, kwa hiyo shinikizo halionyeshi imebaki kiasi gani. Unapimwa kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa shingoni. Utoe kwenye uzito wa leo, kinachobaki ndiyo gesi. Ikiwa imepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, ujazwe upya. Umechagua vizuri kwa mashine zako, maana hauachi unga wa kuziharibu. Ila marundo ya karatasi yana makaa, na kaboni haiyapoozi, yatawaka tena. Ongeza mtungi wa unga wenye herufi A pale mlangoni. Na ukiutumia wa kaboni usiikamate ile pembe nyeusi kwa mkono mtupu, baridi yake inachubua ngozi.