Nani stelingi?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mwongozaji mashuhuri akitoa picha mpya ya kauboi, na picha yenyewe isifanane na zile tulizozizoea, je, shabiki ana haki ya kusema ametapeliwa? Mimi nasema hana. Ila jibu langu lina mkia, na mkia huo nitaufikia.

Kaka yangu mkubwa ana tabia moja. Akikukuta katikati ya picha, hata viatu hajavua, anauliza: "Nani stelingi?" Haulizi imeongozwa na nani, haulizi inahusu nini. Akishaonyeshwa stelingi anavuta kiti na kutulia tuli, maana keshamjua wa kumshangilia, na keshamjua wa kutomhofia. Stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, ataanguka na farasi, atalala jangwani siku tatu bila tone la maji, lakini atainuka. Picha za kauboi ndivyo zilivyotulea. Ukimnyima mtu kama kaka stelingi wake, umemvuta kiti akiwa anakaa.

Mwongozaji Quentin Tarantino alimvuta kiti kaka yangu kwa The Hateful Eight ya mwaka 2015, na nadhani karibu kila lililosemwa na mashabiki kuhusu picha ile, kwa hasira au kwa mapenzi, linatokana na hilo.

Kwa ambao hawajaiona: ni Wyoming, miaka kadhaa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. John Ruth, msaka wahalifu kwa donge la fedha, amemfunga mwanamke aitwaye Daisy Domergue kwa pingu mkononi mwake na anampeleka kunyongwa. Dhoruba ya theluji inawalazimisha kujibanza kwenye kituo cha wasafiri, pamoja na meja mweusi aliyepigania Kaskazini, kijana wa Kusini anayedai anakwenda kuapishwa kuwa sherifu, jenerali mzee, na wengine ambao hakuna hata mmoja unayeweza kumwamini jina lake. Ninayoyaeleza kuanzia hapa yanafichua mambo, kwa hiyo anayetaka kuitazama kwanza aende akaitazame.

Ugomvi wa mashabiki ulianza kabla hata kamera haijawashwa. Januari 2014 muswada wa picha ulivuja, Tarantino akaghadhibika, akasema haitengenezi tena. Aprili waigizaji wakausoma jukwaani Los Angeles mbele ya watu waliokata tiketi, na baada ya hapo akabadili nia. Ndipo likaja tangazo lililowapandisha watu mori: ataipiga kwa mkanda mpana, ule wa kuonyeshwa kwa milimita 70, kwa lenzi za Ultra Panavision zilizowahi kutumika kwenye Ben-Hur ya 1959 na ambazo hazikuwa zimepiga filamu yoyote tangu Khartoum ya 1966. Picha inayotoka kwenye lenzi hizo upana wake unakaribia mara tatu ya kimo chake. Watu wakaanza kuota milima, makundi ya farasi, machweo yasiyo na mwisho. Kumbi zipatazo 100 za Amerika Kaskazini zikafungiwa projekta za kizamani ili zionyeshe toleo la zaidi ya saa tatu, lenye muziki wa kufungulia na mapumziko katikati, kama sinema kubwa zilivyokuwa zikionyeshwa zamani.

Basi watu wakaingia. Wakaonyeshwa theluji ya Colorado kwa kama nusu saa, kisha mlango ukagongomelewa kwa misumari, wakabaki chumbani.

Na hasemi mtu uongo, mlango ule unagongomelewa kweli. Kitasa kimevunjika, kila anayeingia anapigiwa kelele na wote waliomo afunge kwa mbao mbili, na linajirudia hadi linachekesha. Malalamiko yaliyofuata nayaelewa vizuri, kwa sababu na mimi nilikuwa nayo. Umenunua turubai la kufunika shamba zima, halafu unafunika kikombe? Mara ya kwanza niliitazama kwenye simu, nimelala ubavu, na nilikubaliana na wote waliosema ni mchezo wa jukwaani uliopotea njia. Saa nzima ya maneno. Sikuona sababu ya upana wowote, na kwenye kioo cha simu picha yenyewe ilikuwa utepe mwembamba wenye giza juu na chini.

Mara ya pili ilikuwa kwenye kioo kikubwa, na nilikuwa na kaka.

Sasa hebu tulitazame tukio la kahawa. Tumeshaambiwa, kwa sauti ya Tarantino mwenyewe, kwamba mtu fulani ametia sumu kwenye birika, na kwamba Daisy peke yake ndiye aliyemwona. Daisy amepewa gitaa. Ameketi mbele, anaimba taratibu. Nyuma yake John Ruth anajimiminia kahawa. Katika picha ya kimo na upana wa kawaida, mwongozaji angelazimika kukukatia: uso wa Daisy, birika, uso wa Daisy, kikombe. Angekushika kidevu na kukuelekeza pa kutazama. Hapa hakushiki. Chumba chote kipo mbele yako, mmoja yuko huku, mwingine yuko mezani kwake, na wewe ndiye unayehangaika: nimtazame huyu anayeimba, yule anayemimina, au wale walionyamaza? Upana ule umewekwa ili usiweze kumchunga kila mtu. Ni chumba chenye wauaji, na macho yako ni mawili.

Kisha Ruth anampokonya gitaa na kulibamiza nguzoni. Hapa kuna kisa ambacho mashabiki wanapenda kukisimulia, na ni cha kweli. Lile gitaa lilikuwa la kale halisi, la miaka ya 1870, limeazimwa kutoka jumba la makumbusho la kampuni ya Martin. Mpango ulikuwa kamera isimame, ibadilishwe nakala, ndipo ivunjwe. Kurt Russell, aliyeigiza John Ruth, hakuwa na habari. Mshtuko wa Jennifer Jason Leigh unaouona usoni si wa Daisy, ni wake mwenyewe. Anaonekana kabisa akiwageukia watu walio nje ya picha. Makumbusho yale yakatangaza kwamba hayaazimi tena gitaa kwa ajili ya filamu. Kwangu mimi hasara ile hailipiki kwa tukio lolote, liwe zuri namna gani, lakini siwezi kujifanya kwamba siitazami sekunde ile kila ninapofika pale.

Turudi kwa kaka. Aliuliza swali lake dakika ya kumi, nikamwambia subiri. Akauliza tena, nikamwambia subiri. Mwisho akajiamulia mwenyewe: stelingi ni John Ruth. Sharubu kubwa, kofia kubwa, sauti ya kuamrisha, tena bastola za wenzake amezinyang'anya. Kila dalili ilikuwepo. Sasa hesabu: kaka amemshikilia John Ruth karibu saa mbili, kisha John Ruth anakunywa kahawa na kutapika damu. Hakufa kwa pambano la ana kwa ana barabarani, mkono ukinyemelea bastola. Kahawa ndiyo iliyomwangusha, Daisy akammalizia kwa bastola yake mwenyewe! Kaka akanyanyuka. "Hii si picha," akasema, akaenda zake.

Wa namna yake ni wengi na si wa jana. Mwaka 1968 Sergio Leone, akiwa keshajijengea jina kwa picha za kauboi alizozipigia Hispania, alitoa Once Upon a Time in the West. Familia inauawa uani kwake. Mtoto mdogo anatoka mbio ndani ya nyumba, anasimama. Watu wenye makoti marefu wanajitokeza vichakani, kamera inamzunguka kiongozi wao polepole kutoka mgongoni hadi usoni, na uso ni wa Henry Fonda. Fonda, aliyeigiza Lincoln, rais wa Marekani, enzi za ujana wake kwenye picha ya John Ford ya 1939! Mtu wa haki, stelingi wa vizazi viwili. Anatabasamu, na mtoto anapigwa risasi. Fonda mwenyewe alisimulia kwamba alifika kazini amejivika lenzi za kahawia machoni na amefuga sharubu ili aonekane mbaya, Leone akamwambia avitoe vyote. Alitaka macho yale yale ya buluu tuliyoyaamini. Marekani picha ilikatwa kama dakika 20 na bado haikuuza. Ufaransa waliokata tiketi walipita milioni 14. Muziki wake ni wa Ennio Morricone, ambaye miaka 47 baadaye ndiye aliyemtungia Tarantino, na akapata Oscar yake ya kwanza ya ushindani akiwa na miaka 87.

Yaliyompata Jane Campion, mwongozaji wa New Zealand, nayagusa tu. The Power of the Dog ya 2021 ni ya Montana ya mwaka 1925, nayo ilipigwa New Zealand. Sam Elliott, mwigizaji aliyezeekea kwenye kofia za kauboi, aliishambulia hadharani na kuhoji mwanamke wa huko mbali anajua nini kuhusu Magharibi ya Marekani. Campion akamkumbusha akina Leone na Hispania yao. Campion akachukua Oscar ya uongozaji, na Elliott baadaye aliomba radhi. Lile la jiografia sikuliona kuwa hoja hata siku moja.

Sasa mkia. Siku ile dada yetu naye alikuwepo, na aliondoka mapema kuliko kaka. Daisy anaingia kwenye picha akiwa tayari ana jicho lililovilia damu. Kabla hatujajua kosa lake ameshapigwa, na ngumi zile za mwanzo zimepangwa zichekeshe. Kaka alicheka. Mimi, nakiri, nilicheka. Dada akatutazama, akauliza, "Mnachocheka ni nini?" Akaondoka. Nimesoma utetezi wote wa mashabiki: kwamba ni muuaji kama wenzake, kwamba mwongozaji anataka kicheko kile kitusute baadaye, kwamba Leigh aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ile. Yote sawa. Bado mwishoni ananyongwa taratibu huku wanaume wawili wakimtazama, na kamera haina haraka. Kusutwa kwenyewe mimi sikukuona. Dada hakutapeliwa kwa kukosa stelingi. Alijua mapema kwamba picha ile haikumhesabu yeye miongoni mwa watazamaji wake, na nikimwambia hana haki ya kulalamika nitakuwa mwongo.

Lakini kaka alikosa mengi. Meja yule mweusi, Warren, anatembea na barua anayodai aliandikiwa na Lincoln, na wazungu wanamheshimu kwa sababu yake. Kumbe aliitunga mwenyewe. Kijana wa Kusini, Mannix, ndiye aliyeushuku uongo huo tangu mapema. Mwishoni wote wawili wamelala chali wakivuja damu, watu ambao mwanzoni mwa safari wangeuana kwa neno moja, na Mannix anaiomba barua aisome. Anaisoma kwa sauti, kwa upole, akijua kabisa ni ya uongo. Anakisifia kile kipande kinachomtaja mke wa Lincoln. Halafu anaifinyanga na kuitupa.

Juzi kaka kaniuliza tena, hivi kwenye ile picha ya theluji stelingi alikuwa nani hasa? Nikamwambia aimalize kwanza, imebaki kama saa moja hivi.

Msomaji wenu