Jiko jipya la kuni chumba cha chini: anza na bomba la moshi

Habari ndugu. Umesema jiko lako la chuma la chumba cha chini limetoboka, na unataka kubwa zaidi kwa kuwa joto halifiki juu. Niko Kabale, milimani Uganda, nyumba yangu nayo imechimbwa mlimani, na baridi ya usiku wa Julai naijua.

Usikimbilie kubwa. Kwanza pima kipenyo cha bomba la moshi, tundu la jiko jipya lilingane nalo; mengi ya nyumbani ni inchi 6. Jiko langu la awali lilikuwa kubwa kuliko chumba kinavyohitaji. Kila usiku nilibana hewa tusiungue, kuni zikafuka bila kuwaka vizuri, lami nyeusi ikajaa bombani. Lami hiyo ndiyo hushika moto!

Joto hupanda lenyewe ila linataka njia. Mlango wa ngazi uache wazi, na hewa baridi ipate pa kurudi chini. Kwangu hilo lilisaidia kuliko jiko lenyewe.

Kalitusi ipasue, uianike miezi sita au zaidi.

Na tafadhali, acha tundu la hewa safi humo chini, wala usiongeze sigiri ya mkaa hata usiku mmoja. Gesi yake haina harufu, na inaua.