Mgombea, mtahiniwa au msailiwa?

Swali: Nilitafsiri habari kutoka Kiingereza nikaandika "wagombea wa mtihani wa kidato cha nne". Mwalimu amelikata neno "wagombea", ilhali kamusi yangu inasema "candidate" ni mgombea. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu yuko sahihi. Andika "watahiniwa wa kidato cha nne". Kamusi haikukudanganya, ila imekupa maana moja tu, ambayo ndiyo kongwe zaidi.

Kwa Kilatini, "candidus" ni nyeupe ya kung'aa, na "candidatus" ni aliyevishwa nyeupe. Katika Roma ya kale, aliyetaka cheo aliipaka toga yake, yaani vazi rasmi la Warumi, chaki ikawa nyeupe pe, akashuka uwanjani kuwasalimu wapiga kura. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 432 K.K. ilipitishwa sheria ya kuwakataza waomba kura kuongeza weupe kwenye nguo zao. Desturi haikufa. Mwaka 64 K.K., mwanasiasa Cicero, akiwania ukonsuli, yaani cheo cha juu cha uongozi wa Roma, alitoa hotuba katika Seneti ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la toga hiyo nyeupe.

Kiingereza kililichukua neno, kikaiacha nguo, kikapanua maana: anayetafuta kura, anayefanya mtihani na anayeomba kazi, wote wakawa "candidate". Kiswahili hakikupita njia hiyo, na mimi naona kimefanya vizuri. Mgombea ametokana na kugombea, na kugombea kumezaliwa na kugomba, yaani kuteta. Pana kiti kimoja kinachotakiwa na wengi. Hata akibaki mgombea pekee, kiti ni kile kile. Kwenye mtihani darasa zima laweza kufaulu. Wanagombea nini?

Anayefanya mtihani ni mtahiniwa, yaani mwenye kutahiniwa. Anayemtahini ni mtahini. Usiidondoshe hiyo "-wa" ya mwisho, maana ndiyo inayomtenganisha mwanafunzi na msahihishaji wake. Aliyeitwa kwenye usaili wa kazi ni msailiwa. Kabla ya kuitwa alikuwa mwombaji kazi.

Kwenye siasa nako chunga. Magazeti ya Kenya hupenda "mwaniaji" pale Watanzania wanaposema "mgombea". Na Tanzania, mwanachama aliyechukua fomu lakini chama chake hakijamteua huitwa mtia nia. Ukimwita mgombea wakati huo, umeshampa uteuzi ambao chama hakijautoa.